Dirisha Namba Tatu

Nilitia saini kupinga, sifichi.
Jina langu, Heulwen, lilikuwa la nne kwenye karatasi,
chini ya lile la kasisi na la muuza nyama
ambaye tangu aache shule hajafungua kitabu.
Tulisimama na mabango mvuani, mvua ya Cwm Hesgin
isiyonyesha wala kukatika,
inayoning'inia tu kama deni.
Baraza la mji likatusikiliza kwa adabu.
Kisha likauza jengo.

Basi tukahamishwa: masanduku mia mbili na kumi,
saa ya ukutani, na mimi,
tukapangwa kati ya bwawa la kuogelea
na ofisi ya vizazi na vifo.
Polisi huja Jumanne. Wauguzi wa chanjo, Alhamisi.
Penye wengi pana mengi, alisema meneja,
akanipa beji tatu na kamba moja ya shingoni.
Mshika mbili moja humponyoka, nilitaka kumjibu;
mwenye tatu je?

Ukimya ndio ulioniponyoka kwanza.
Filimbi ya Iolo inapenya ukuta: ruka! ruka tena!
Klorini imeingia hadi kwenye kamusi.
Watoto wanakuja na nywele zinazochuruzika,
wanaacha nyayo za maji mpaka rafu ya dinosaria,
na ipo ensaiklopidia moja, herufi M hadi P,
iliyovimba kama mkate.

Novemba, asubuhi ya Jumatatu,
Tegid Parri alibonyeza mashine ikamtemea tiketi:
arobaini na saba.
Mkono mmoja bahasha ya hospitali,
mkono wa pili mfuko wa plastiki.
Akaketi chini ya tangazo la mafunzo ya kupiga mbizi,
kofia magotini,
mtu aliyezoea miaka thelathini kungoja nje, ndani ya gari,
injini ikinguruma, mkewe akichagua.

Dirisha namba tatu ni langu.
Nikavaa beji ya vifo.
Jina la marehemu? Morfudd Parri.
Nalijua, nikaliandika kana kwamba silijui,
ndivyo tulivyofundishwa.
Tarehe. Mahali. Kazi aliyoifanya.
"Aliosha sahani za shule nzima," akasema. "Andika mpishi."
Nikaandika mpishi.

Kisha akausukuma mfuko.
"Na hiki. Kimechelewa."
Wiki kumi na moja. Nikageuza beji.
Kiti kilekile, kalamu ileile;
kompyuta ikafungua mlango mwingine
ikaniuliza sababu ya kufunga kadi:
Amehama. Ameipoteza. Nyinginezo.
Kidole kikasimama hewani.
Katika jengo la zamani ningeinuka,
ningekwenda kulia kule penye ramani
ambako hakuna afikaye.
Hapa hakuna nyuma. Kila upande kioo.

"Faini ngapi?"
Hakuna, nikasema.
"Hakuna vipi? Nimekisoma kibao pale."
Akazipanga sarafu mojamoja
kama alipaye ushuru wa daraja.
Nikazipokea. Nikamkatia risiti.

Kitabu chenyewe cha mauaji, aina aliyoipenda:
kasri, theluji, wageni tisa,
tiketi ya basi imechomekwa ukurasa wa mia na kumi na mbili.
"Hakumaliza. Miwani ilimchosha.
Aliniambia muuaji ni mtunza bustani.
Ni yeye?"

Ninamjua muuaji. Nimekisoma mara mbili.
Nikasema: kanuni za maktaba haziruhusu.
Akacheka kidogo, kwa pua.
Nami nikacheka, beji zikagongana.
"Basi niandikie kadi," akasema.
"Hiyohiyo yake, kama hujaifunga."

Nilikuwa sijaifunga.

Hakwenda nyumbani. Aliketi palepale, chini ya wapiga mbizi,
akafungua, si penye tiketi ya basi,
bali ukurasa wa kwanza,
kidole kikifuata mstari.

Saini yangu ingalipo kwenye karatasi ile, sijaifuta,
na wakiniuliza tena nitaandika vilevile.
Arobaini na nane, nikaita.
Akaja mvulana aliyelowa, taulo shingoni,
akitaka kujua kama papa hulala.