Sekunde Mbili

Ilizimika Pasiansi, mbele kidogo ya duka la vioo,
saa tatu asubuhi, jua limeshakaa sawa.
Nyuma nimepakia barafu, mabonge arobaini na mawili,
ya kwenda Igombe kwa wenye sangara,
na Probox yangu, bila kukohoa, bila kuaga,
ikanyamaza.

Naijua tabia yake. Ikipoa nusu saa itawaka,
initupe tena uwanja wa ndege.
Fundi Luhende alisema plagi. Nikanunua plagi.
Akasema chujio. Nikanunua chujio.
Mwezi wa tano akasema, "Bosi, hii sasa ni pampu,"
akainua kiti cha nyuma, akatia mkono tenkini,
na laki moja na themanini ikazama humo humo.
Harufu ya petroli ikabaki kwenye sare za watoto.

Barafu haijui deni. Ilianza kudondoka.
Mpita njia akainama: "Kaka, gari lako linavuja."
Wa pili naye.
Wa tatu nikamwambia, "Ndiyo, linavuja."

Ndipo akaja Nshoma, fundi umeme wa Kirumba,
mgongoni mwa bodaboda, kiatu kimoja kimefungwa kwa waya,
mfukoni taa ya indiketa aliyoiunga nyaya mbili.
"Mwangaluka." Hakuuliza limefanya nini.
Alisema, "Zima redio. Na wewe wa bodaboda, zima.
Sasa washa swichi. Usipige stata.
Sikiliza kule nyuma, chini ya kiti."

Tukasikiliza.
Nilisikia ndege ikipasha injini mbali,
kunguru akitembea juu ya bati,
tone la barafu. Tone.
"Umesikia nini?"
"Hakuna kitu."
"Basi hicho hakuna ndicho ugonjwa. Pampu huvuma
sekunde mbili, kabla gari halijaombwa lolote."

Akafungua kisanduku cha fyuzi,
akagusa kidude cheusi, kidogo kuliko kiberiti,
kwa ncha ya kidole, kama anayepima homa ya kichanga.
"Washa. Zima. Washa. Hakipigi tak."
Taa yake ikawaka mguu wa kuingilia,
ikafa mguu wa kutokea.
"Umeme umefika mlangoni, bawabu kalala.
Pampu yako haijawahi kukataa kazi.
Haikuitwa tu."

Kisha akang'oa rilei ya honi, ndugu yake tumbo moja,
miguu minne ile ile, akaichomeka pale.
Nikawasha: tak.
Na chini ya kiti, nzziii, nyuki ndani ya chupa.
Stata nilipiga mara moja.

Nikaenda hadi Igombe sina honi.
Penye mbuzi nilipiga mluzi,
penye bata nilitoa kichwa nje, nikawasihi,
penye watoto wa shule nilisimama kabisa.
Mabonge yalifika ishirini na tisa.
Mwenye sangara aliyahesabu mara mbili.

Kesho yake, Rwagasore, muuzaji akatutolea mpya ya elfu tano,
nyepesi kama ganda la karanga.
Nshoma akaipima kiganjani, akairudisha juu ya meza,
akachagua iliyotumika, ya elfu kumi na mbili, yenye uzito wake.
Honi ikarudishiwa chake.
Ile mbovu akaipasua kwa kisu:
ndani, pale vidole viwili vya shaba hukutana,
doa jeusi, si kubwa kuliko jicho la dagaa.
Likipata joto, linaachia. Likipoa, linajifanya halikufanya kitu.

Siku hizi nawasha swichi, nasubiri.
Kabula, mkoba mapajani, alikuwa akiuliza,
"Twende, unangoja nani?"
Sasa naye hunyamaza.

Na pampu ya zamani? Iko uvunguni,
niliiviringisha kwenye gazeti mwezi ule wa tano.
Jana usiku nimeitoa, nikaiunga kwenye betri, uani,
ikavuma.