Shilingi Mia Mbili, Bila Jina

Kila asubuhi hapa Horohoro nafuta kwa kiganja bei ya jana,
naandika ya leo kwa chaki:
ya kununua, ya kuuza.
Kati ya namba hizo mbili ndimo ninamoishi,
mimi, mke wangu, ada za watoto,
katika upana wa senti thelathini.

Wateja hawasikii wanachokitamka.
"Nina hela kidogo," anasema mtu wa Maramba,
na mdomoni mwake inalia sarafu ya Mjerumani
iliyokufa kabla babu yake hajaingia jandoni.
Anasema "pesa", na hapo ipo Bara Hindi.
Penye udhia penyeza rupia:
rupia ipi? Ya Tanga ilikuwa hela mia,
kabla ya hapo pesa sitini na nne,
kisha Mwingereza akaja na shilingi zake
na waliofukia noti za vita wakawashia jiko.
Neno halishuki thamani.
Au hushuka polepole, sijui.

Baba alikuwa fundi, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani.
Nilirithi sanduku lake: bobini,
tepu iliyofutika kuanzia inchi ya ishirini,
ndururu yenye tundu aliyoishonea pindo la pazia
lisipeperuke,
na daftari.
Mali bila daftari, alikuwa akisema, pini zimemjaa mdomoni,
asimalize.
Ukurasa wa Februari, sabini na nne:
*Dada Nimkubwa, Vanga. Kumalizia cherehani. Sh. 200/=*

Basi. Hakuandika shilingi ya wapi.
Noti zilikuwa na sura mbalimbali, ndiyo,
tangu sitini na sita kila nyumba ilipika chungu chake,
lakini moja ilikuwa moja.
Ulihesabu ulikofika kama ulivyohesabu ulikotoka.
Kuandika "ya Kenya" kungekuwa
kama kuandika "mvua ya Jumanne".

Sabini na saba mpaka ukafungwa.
Jogoo wa Vanga, usiku ukitulia, husikika Jasini.
Shangazi hakusikika.
Ulipofunguliwa, benki ilisema shilingi hizi bado zinakaribiana,
vichochoro vikacheka.
Kipande cha sabuni ndicho kilichosema kweli:
huko kwa sarafu, huku kwa bunda.
Baba akapeleka mia mbili, za kwetu, ndani ya bahasha.
Bahasha ikarudi haijafunguliwa.
Hawakugombana. Walisalimiana misibani.

Jumatatu iliyopita alikuja mwenyewe,
miaka themanini na tatu, kijukuu kimembebea mkoba.
Akaketi kiti cha wateja.
"Nilikuwa namdai baba yako."
Nikabonyeza kikokotoo. Mia mbili za kwake,
kwa chaki ya asubuhi ile:
elfu tatu na mia nane.
Sahani ya pilau, na soda kama muuzaji ana huruma.
Hata pedali ya cherehani hupati.
Tukaitazama namba ile wote wawili,
iliyowanyamazisha ndugu mpaka mmoja akazikwa.

Nilitaka kumpa laki. Nilishaitoa.
Akanishika mkono.
"Laki ni sadaka. Mimi nimefuata changu."

Nikamhesabia elfu tatu na mia nane.
Akalamba kidole, akahesabu upya.
"Hii bei ya kununua au ya kuuza?"
"Ya kununua, Shangazi."
"Niwekee ya kuuza."
Ni sitini zaidi. Nikampa hamsini.
Sarafu ya kumi sikuwa nayo,
nani anayo siku hizi?
Akasema hana haraka.

Jioni, chini ya wino wa baba, niliandika:
*Imelipwa. Bado Sh. 10.*
Kisha nikarudi nikaongeza
ya wapi.