Mlango wa Elfu Nane na Themanini

Umeme wa Arua ulikatika saa nane usiku.
Jenereta ikakohoa mara tatu, ikashika,
na ndani ya seva, katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka,
huduma zikaamka moja moja
kama watoto wa bweni wanaowahi bomba.

Kamusi yangu inasema poti ni bandari.
Bandari, huku kwetu, maili zote hizi kutoka baharini!
Mimi husema mlango.
Mlango mmoja, elfu nane na themanini,
na walioahidiwa ni wawili.

Majibu ya maabara yalifika, yakakuta komeo.
Yakabisha. Yakaanguka.
Yakainuka, yakabisha, yakaanguka.
Daftari la seva likajaa mstari uleule:
anwani inatumika, anwani inatumika,
na simu ya Nesi Ezaruku ikaingia katikati:
“Candiru, mtoto wa kitanda cha sita.
Kundi lake la damu silioni.”

Nani kajifungia humo?
Akajitokeza bila jina, namba ya mchakato tu:
programu ya Drileba, yule aliyehamia Juba
asituachie hata kikaratasi.
Huamka kabla ya wote, hukalia kizingiti,
wala sijamwona akipokea mgeni.

Mafahali wawili, zizi moja, ndivyo tulivyofunzwa.
Nilikuwa na kisu: herufi nne za amri
na namba yake mbele.
Kidole kilishafika kwenye kitufe
nilipoona faili anayoiandika gizani,
kila dakika, miaka mitatu, haijafunguliwa na mtu:
nne. nne. nne. tano. nne.

Sikuelewa. Sikuwa na muda wa kuelewa.
Nikabadilisha sifuri ya mwisho ikawa moja,
nikamhamishia mlango wa jirani, nikamwamsha upya.
Majibu yakapita.
“O, chanya,” akasema Ezaruku, akakata simu.

Ndipo nikachukua tochi, nikaufuata waya
mwembamba, wa kijivu, uliopigiliwa misumari ukutani,
ukapita choo cha wauguzi, ukashuka ngazi,
ukaingia chini ya raba ya friji ya damu.

Nne.

Nikarudi nikakata plasta, nikabandika juu ya seva:
*Wa themanini na moja msimuue.
Anahesabu baridi.*
Kisha nikamkumbuka Drileba,
nikaongeza namba yangu ya simu.