Hesabu ya Mitungi

Andika kwanza kwamba sikuogelea.
Watu wakisimulia hunitia majini,
hunipa na kifua cha mwanamume.
Mimi ni Konsolata Apondi, mkaanga mgongo wazi,
nimeishi hatua sitini kutoka ziwani
na maji hayajawahi kunipita magoti.

Jumamosi ile mafuta yaliletwa alfajiri,
mitungi kumi na minne, lita ishirini ishirini,
ya mkopo, kutoka duka la Abdirashid.
Mitupu nilikuwa nayo ishirini na saba nyuma ya kibanda,
kila mmoja nimeutia alama kwa rangi ya kucha,
maana hapa Lwang'ni mtungi una miguu.

Meli ya Kendu iling'oa nanga saa nne.
Tuliiona ikipita, imeinama upande mmoja
kama mtu anayeumwa jino,
jeneza juu ya paa, waombolezaji wakiimba chini yake.
Gugumaji lilikuwa limeifunga ghuba,
ukitazama haraka ungedhani ni shamba.
Kisha injini ikakohoa.
Kisha wimbo ukakatika, na si mwishoni mwa ubeti.

Nani alipiga kelele ya kwanza sijui. Pengine mimi.

Waosha magari walitupa vitambaa.
Oriedo aliacha gari la mtu lina povu, milango wazi,
redio ikiendelea kutaja bei ya mahindi.
Nami nikaanza kurusha mitungi.
Ile mitupu kwanza. Ishirini na saba huisha upesi
ukihesabu vichwa.
Nikaitazama ile iliyojaa.

Sitadanganya: nilisita.
Niliwaza karo ya Were, nikawaza daftari la Abdirashid.
Nilisita kwa muda wa kufungua kizibo kimoja,
na huenda mtu alizama ndani ya muda huo.
Hilo hukuja kuliandika. Liandike.

Mchanga uliyanywa mafuta, ukang'aa.
Tuliteleza, tukaanguka, tukainuka tunanuka kikaango,
binti zangu wakikaza vizibo kwa meno,
Oriedo na wenzake wakibeba miwili miwili,
wakilipasua gugumaji kwa vifua.
Safari tano.
Ya sita wenzake walimlalia mgongoni asirudi.

Na jeneza likaibuka.
Fundi Ondiek aliligongomea vizuri, hakuna msumari uliolegea.
Likaelea, msalaba juu,
na wanaume wawili na mtoto wa shule
wakalikumbatia hadi nchi kavu.
Mwalimu Obuya alikufa Alhamisi, kwa sukari.
Jumamosi aliokoa watu watatu.
Waliomzika wiki iliyofuata wanasema wale watatu
walikataa kumwachia mtu mwingine sepetu.

Waliofika ufukweni wakipumua niliwahesabu.
Wale wengine siwahesabu.
Wana wenyewe.

Mkubwa mmoja alikuja na hema na viti vya plastiki.
Oriedo alipewa cheti, jina lake limekosewa herufi.
Siku hiyohiyo mwenye gari akaja kudai betri:
redio iliimaliza.

Abdirashid hakudai. Hakusamehe pia.
Alifungua daftari, akaligeuzia upande wangu, akanyamaza.
Nikaweka kidole penye deni, nikasema, ndiyo.
Nalipa mia mia.

Mitungi iliyorudi ni thelathini.
Kumi na mmoja iko huko, kwa watu.
Juzi soko la Jubilee nilimwona mama kabeba mmoja kichwani,
maji yakimchuruzika shingoni,
alama yangu nyekundu penye mkono wa mtungi.
Sikumwuliza aliutoa wapi.
Njia ilikuwa nyembamba.
Nilisogea, akapita.