Ufunguo wa Tatu

Nilikuja na fulana.
Tulikuja arobaini, fulana arobaini za bluu,
jina la benki mgongoni, na mpiga picha wa kukodi.
Tukapaka ukuta rangi. Ukuta uleule
kampuni ya bima iliokuwa imeupaka mwezi Machi,
na kabla yao, wanafunzi kutoka Norwe.
Kavata alitushukuru kwa sauti ya mtu
anayehesabu makopo yaliyobaki.

Nikamwita pembeni: "Mnahitaji nini hasa?"
Akanitazama viatu.
"Jumamosi," akasema.
"Jumamosi ipi?"
"Ijayo. Halafu inayoifuata hiyo."

Karakana ni chumba cha mabati Kariobangi,
nyuma ya wachomeleaji wa milango,
viti vya magurudumu vimetundikwa juu
kama mbuzi kwa muuza nyama.
Nilidhani nitafundisha. Nina shahada.
Nikapewa tambara na kopo la mafuta ya taa,
nisugue kutu kwenye spoki, mojamoja.
Fundi Odera, ambaye polio ilimchukua miguu
kabla hajajua kazi yake,
hakuniuliza jina hadi mvua za Novemba.
"Majina ya wageni," aliniambia baadaye,
"huniisha kichwani kama salio la simu."

Mwaka wa pili tulikosana.
Niliandika mpango, kurasa kumi na nane,
nikaujaza mishale.
Kavata aliusoma wote, mshale kwa mshale,
kisha akavua miwani:
"Vizuri. Sasa niambie,
kiti cha nani kinavuta kushoto?"
Sikujua.
Nikanuna. Jumamosi nne nilikaa Buruburu
nikiosha gari lisilo na vumbi.
Hakuna aliyenibembeleza.
Ya tano, Odera akatuma ujumbe:
*Bisibisi ndogo uliiweka wapi*

Sijawahi kualikwa mahali
kwa heshima kama ile.

(Kinachovuta kushoto ni cha Nyaboke,
muuza sukuma wiki wa Korogocho.
Mwanawe hutembea upande huo,
naye huegemea huko siku nzima akimsikiliza.
Hatukirekebishi tena.)

Miaka mingine sina la kusimulia.
Niliandika risiti. Nilisubiri fundi wa umeme.
Mfadhili akaondoka, mwingine akaja,
akaondoka na jokofu lake.
Nilimwambia Kavata hesabu hazilingani,
akaniambia hata mimi silingani,
tukakaa kwenye kreti za soda hadi saa mbili usiku
tukiitafuta shilingi mia nane na hamsini.
Ilikuwa nauli ya mtoto. Aliitoa, akasahau kuiandika.

Mwaka wa saba mama yangu alipooza upande mmoja.
Sikuomba kitu. Niliona aibu,
eti mimi ndiye mtoaji.
Nilirudi kutoka hospitali nikakuta kiti mlangoni,
na Odera kwenye chake, kando,
amepanda ghorofa mbili kwa mikono.
Nikazitazama zile spoki.
Nilizijua. Nilizisugua mimi.

Ufunguo nilipewa bila hotuba.
Kavata alikuwa anawahi mazishi Machakos,
akaufungua kwenye kamba ya shingoni:
"Uko mmoja kwangu, mmoja kwa Odera.
Kufuli hukwama mvua ikinyesha. Liinue kidogo."

Mwezi jana wamekuja fulana za kijani.
Wamepaka ukuta. Ukuta wetu sasa ni mnene,
ukiukwangua utasoma historia ya Nairobi.
Kijana mmoja, Chelagat, alibaki nyuma
akauliza cheti hutolewa baada ya saa ngapi.
Nilitaka kucheka; nikakumbuka mishale yangu.
Nikampa tambara.
Alisugua spoki sita, vibaya, akaangalia saa, akaaga.

Jumamosi iliyofuata hakuja.
Wala ile nyingine.
Leo kumenyesha tangu alfajiri,
nimeliinua kufuli kidogo, limefunguka.
Odera anauliza kama chai ina tangawizi.
Tambara la yule msichana liko kwenye msumari.
Nimechukua jingine.