Nikumbushe Kesho

Mashine nambari tatu, wewe uliye karibu na dirisha,
niliyekununua Luthuli ukiwa tayari umechoka,
kibandiko cha benki fulani kikiwa bado mgongoni,
nimekukosea.

Tangu Februari ulikuwa unaniomba.
Kijisanduku pembeni, adabu tele,
kama mtoto wa darasa la pili anayeinua kidole aende msalani:
masasisho yako tayari, dakika ishirini tu.
Na kidole changu kilijua njia bila macho:
Nikumbushe kesho.

Februari nilikuwa nachapa barua za kidato cha kwanza.
Machi bando lilikuwa la kupimwa kwa kijiko.
Aprili mvua ya Kangemi ilipita juu ya bati la bucha
ikaingia ndani ya soketi.
Mei sikumbuki. Mei nilikuwa na jino.

Jino lenyewe bado lipo. Gego, chini, kushoto.
Daktari alisema lizibwe sasa kwa elfu mbili
au nije baadaye na elfu nane na mtu wa kunishika mkono.
Nikamwambia kesho.

Basi leo, tarehe thelathini Juni,
jiji zima limekumbuka kodi usiku mmoja.
Foleni imeshuka ngazi hadi kwenye mizani ya bucha;
nywila zimeandikwa viganjani, kwenye pakiti za unga,
moja kwenye kitambaa cha kichwa cha Mama Ndunge.
Bwana Shitanda, fundi wa vioo, hajapata kitu mwaka mzima,
lakini lazima aiambie serikali kwa maandishi
kwamba hajapata kitu.

Saa tano na dakika kumi na mbili.
Ameandika sifuri mahali pa sifuri,
kumebaki kubofya mara moja.
Ndipo ukachoka kuomba.

Skrini ikawa samawati. Vitone vikaanza kuzunguka.
Usizime kompyuta yako.
"Nani anamzuia nani?" Shitanda akaniuliza.

Asilimia nne.
Asilimia nne.
Nne.

Sikukutukana. Wengine walikutukana, kwa lugha sita.
Mimi nilifungua kifuniko cha jirani yako, nambari nne,
nikaingiza brashi ya rangi kwenye feni yake
nipate pa kuweka mikono:
ikatoka sufi ya vumbi la Waiyaki Way, unywele mrefu usio wangu,
na mbawa nne za kumbikumbi wa mvua ile ile.
Miezi yote hiyo ilikuwa ikipumua hivyo
na mimi nikisema ni kelele tu.

Asilimia sitini na moja, stima ikapepesa.
Betri ya akiba ikalia kama kifaranga.
Foleni ikanyamaza.
Mtu akapiga kelele ngazini, "Mathenge, zima msumeno!"
na chini kule mfupa wa mtu
ukabaki nusu umekatwa, ukikusubiri.
Shitanda alikuwa ameshika ukingo wa meza
kama anayeshikilia kioo kisianguke.

Sabini. Themanini na nane. Ukajizima,
na giza lile dogo, sitalisahau,
nikajiona ndani yake, shavu moja limevimba.

Kisha ukaamka. Ukasema karibu, kana kwamba mimi ndiye mgeni.
Sifuri za Shitanda zilikuwa zimepotea zote
akaziandika upya, taratibu, moja moja,
saa tano na hamsini na tatu.
Mama Ndunge hakuwahi. Faini yake nimesema nitachangia.
Hajanijibu.

Saa saba usiku nikachukua kalenda ya bucha, yenye picha ya fahali,
nikazungushia Jumapili ya kwanza ya kila mwezi:
mashine zote, vumbi, nakala za faili, masasisho.
Pembeni, kwa herufi ndogo, jino.

Asubuhi hii nimefungua mlango
na wa nambari moja ameshainua kidole.
Wangu nao ukaenda wenyewe, pale pale penye mazoea.
Nikaushika kwa mkono mwingine.