Sufu ya Kijivu

Saa tisa usiku Ilgvars alituma mstari mmoja:
"Tunawaomba mbadilishe nywila zenu."
Akalala na viatu.

Tangazo lenyewe lilikuwa la viatu.
Alilikodishia pembe ya tovuti, euro arobaini kwa mwezi,
hakuuliza limetoka kwa nani;
mgeni mwenye kodi mkononi haulizwi atokako.
Likaingia, likafungua mlango kwa ndani.

Watu elfu mbili na mia tatu, wafumaji wa Liepaja na kwingineko.
Nywila zao alizihifadhi vile vile walivyoziandika,
hakuzisaga, hakuzifumba,
maana siku ile alikuwa na haraka,
na siku ile ilidumu miaka sita.

Asubuhi theluji imefunika reli za tramu. Simu inalia.
Ni Bi Dzidra, anunuaye sufu ya kijivu kila vuli.
"Umesema nibadilishe.
Ni jina la marehemu mume wangu, na mwaka aliozama.
Nimtoe, nimweke nani?"

Ilgvars hana jibu. Anasikia birika lake likichemka upande wa pili,
halizimwi.

Mchuma janga hula na wa kwao.
Huyu kachuma, na walao hata shamba hawajaliona.

Anafungua barua upya.
"Mlitupa funguo. Tuliziacha mlangoni.
Bado itabidi mbadilishe, lakini kosa ni letu."
Anafuta "letu".
Anaandika "langu".
Kisha anatuma, mmoja mmoja, kwa majina yao,
akianzia na D.